Bei ya Kahawa Inapangwa Wapi?



Msimu wa kahawa ukifunguliwa, karatasi ya bei hubandikwa kwenye ukuta wa ghala la chama cha msingi. Zamani wengi wetu tuliitazama tu. Tulimwuliza karani wa mizani, "Imeandikwa ngapi hapo?" Naye akatutajia, nasi tukaamini. Siku hizi tunaisoma wenyewe. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kuisoma karatasi ni kazi moja, na kujua karatasi imetoka wapi ni kazi nyingine.

Shamba ni lile lile. Mibuni ni ile ile. Jembe ni lile lile, na mgongo unaouma ni ule ule. Mbona bei ya mwaka jana si ya mwaka huu? Tukimwuliza karani anajibu, "Ni soko la dunia." Basi tunanyamaza, kana kwamba tumeambiwa ni mvua.

Soko la dunia si mvua. Ni watu, na nyuma ya watu hao zipo serikali. Katika somo hili tutaeleza jinsi serikali za nchi nyingi zilivyokaa pamoja zikaishika bei ya kahawa kwa miaka mingi, na jinsi zilivyoiachia. Wengi wenu mliona matokeo yake kwa macho, ila hamkuambiwa sababu.

SOKO LENYEWE

Soko la kahawa ya arabika liko New York, Marekani. Soko la robusta liko London, Uingereza. Lakini ukienda huko usitegemee kuona magunia. Hakuna gunia wala debe. Wanauziana karatasi, na siku hizi hata karatasi hazipo, wanauziana kwa kompyuta.

Wasomaji wa Kagera wataelewa upesi, maana wanaijua butura. Mkulima ana shida. Mtoto anadaiwa fedha ya shule, au kuna mgonjwa nyumbani. Kahawa bado ni maua mtini. Anamwendea mwenye fedha, na yule anainunua kahawa ingali maua, kwa bei ya chini sana. Ikiiva si ya mkulima tena. Serikali imeikataza butura mara nyingi, nayo haiishi, kwa sababu shida haiishi.

Sasa, New York nako wanauza kahawa ambayo haijavunwa. Mtu anaahidi kuleta kiasi fulani mwezi wa Desemba kwa bei fulani. Ahadi hiyo inauzwa, ikauzwa tena, ikauzwa tena. Wengine wanaoinunua ni wenye viwanda vya kukaanga kahawa, ambao wanataka kuwa na hakika ya bei. Lakini wengine hawatagusa punje moja ya kahawa maisha yao yote. Wanabahatisha tu. Wakisikia Brazili kuna ukame, wananunua. Wakisikia mvua imenyesha, wanauza.

Bei ya ahadi hizo ndiyo inayoangaliwa na wanunuzi wa dunia nzima. Hata kwenye mnada wa kahawa wa Moshi, mnunuzi anapotaja bei, kwanza amekwisha kutazama New York inasemaje. Kahawa yetu ikiwa nzuri sana ataongeza kidogo juu ya hiyo. Ikiwa mbaya atapunguza.

Kwa nini Brazili itajwe sana? Kwa sababu inatoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Tanzania inatoa kiasi cha gunia moja tu katika kila magunia mia moja. Tembo akigeuka kitandani, sisi sungura tunaanguka.

Mwaka 1975, mwezi wa Julai, usiku mmoja baridi kali ya barafu iliangukia jimbo la Paraná huko Brazili. Asubuhi majani ya mibuni yalikuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Mibuni mamia ya milioni iliharibika. Kufika mwaka 1977 bei ya kahawa New York ilipita dola 3 kwa ratili moja. (Ratili ni chini kidogo ya nusu kilo. Wenzetu hao bado wanapima kahawa kwa ratili.) Wazee wa Uganda na wa magharibi ya Kenya watakumbuka miaka hiyo kwa jina la Chepkube, kijiji cha mpakani ambako kahawa ya magendo ilipita usiku na mchana. Watu walijenga nyumba kwa baridi ya Brazili.

MBUNI SI MAHARAGE

Ukiona bei ya maharage ni mbaya, msimu ujao unapanda kitu kingine. Mbuni hauna mchezo huo. Ukiupanda leo, utangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna vizuri. Bei ikipanda, wakulima wa nchi zote wanapanda mibuni kwa pamoja. Kila mmoja anadhani yuko peke yake. Miaka minne baadaye kahawa yote inafika sokoni kwa pamoja, na bei inaanguka. Halafu mibuni iko pale shambani, huwezi kuiambia isizae.

Jambo hili lilikuwapo tangu zamani. Katika miaka ya 1930, wakati biashara ya dunia ilipovunjika, Brazili ilikuwa na kahawa isiyo na mnunuzi. Kati ya mwaka 1931 na 1944 serikali yake iliteketeza magunia kama milioni 78, ili bei isife kabisa. Mengine yalichomwa moto na mengine yalitupwa baharini. Ebu fikirini kuvuna, kuanika, kubeba kichwani, halafu kuchoma.

MKATABA WA MWAKA 1962

Mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinywa zilifanya mkataba. Mwaka uliofuata likaanzishwa Shirika la Kahawa la Kimataifa, makao yake London. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa wanachama.

Kazi ya mkataba ilikuwa hivi. Kila nchi inayolima ilipewa mgao, yaani idadi ya magunia inayoruhusiwa kuuza kwa mwaka katika nchi wanachama. Bei ikishuka, migao ilipunguzwa, kahawa ikawa chache sokoni na bei ikapanda. Bei ikizidi, migao iliongezwa. Katika miaka ya 1980 lengo lilikuwa bei ibaki kati ya dola 1 na senti 20 na dola 1 na senti 40 kwa ratili. Katika kikao, nchi zinazolima zote pamoja zilikuwa na kura 1,000, na nchi zinazokunywa zote pamoja kura 1,000. Mambo makubwa hayakupita mpaka pande zote mbili zikubali.

Hapa lazima tuulize. Mnywaji anataka kahawa rahisi. Marekani ndiyo iliyokuwa mnywaji mkubwa kuliko wote. Kwa nini ikubali mkataba wa kuifanya kahawa iwe ghali?

Haikuwa huruma. Mwaka 1959 Fidel Castro na wenzake walichukua serikali huko Kuba, na baadaye kidogo Kuba ikafanya urafiki na Urusi ya wakati ule, yaani Shirikisho la Kisovieti. Marekani iliogopa. Brazili, Kolombia, El Salvador na nchi nyingine za Amerika ya Kusini na ya Kati zilikuwa zikiishi kwa kahawa. Wakuu wa Marekani walifikiri hivi: bei ya kahawa ikianguka, wakulima watakuwa na njaa, na mwenye njaa atamsikiliza mkomunisti. Bora kulipa senti chache zaidi kwa kikombe.

Kwa hiyo mkulima wa Kibosho au wa Mbinga alipata bei yenye nafuu kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa wawili ambao wala hawakumfahamu. Ndiyo mambo ya mataifa. Mara nyingine mpunga ukimwagiliwa, nyasi nazo zinapata maji.

Mkataba ule haukuwa mtakatifu. Migao ilifanya kazi tangu miaka ya 1960 mpaka 1972, ikasimama, ikarudi mwaka 1980. Ilisimama tena kidogo mwaka 1986 na 1987. Nchi kubwa zilishikilia mgao mkubwa hata kama wanywaji walitaka kahawa ya wengine. Kahawa iliyozidi mgao iliuzwa kwa nchi zisizo wanachama, kama za Ulaya ya Mashariki, kwa bei ya nusu au chini ya hapo. Halafu nyingine iligeuzwa njiani ikarudi kwa mlango wa nyuma katika nchi wanachama. Wafanyabiashara waliiita kahawa ya kitalii, maana ilisafiri sana.

Na humu nyumbani je? Tusimlaumu mgeni tu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa hapa Tanzania, na ununuzi ukawa chini ya mamlaka ya serikali. Bei ya London ilikuwa nzuri, lakini njiani kulikuwa na makato, gharama, na malipo yanayochelewa. Mkulima aliyepewa karatasi ya ahadi badala ya fedha hakuuona huo mkataba wa kimataifa. Wako walioacha kupalilia mibuni wakahamia kwenye mahindi na nyanya. Vyama vikuu vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini imani haikurudi upesi kama vyama.

CHAMA CHA NCHI MASKINI

Wakati huo huo nchi maskini zilikuwa zikitafuta njia ya mazao yote, siyo kahawa peke yake. Tangu mwaka 1964 zilikuwa na umoja wao, unaoitwa Kundi la 77 kwa sababu walioanza walikuwa nchi 77. Mwaka 1976 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa biashara na maendeleo Nairobi. Pale palikubaliwa mpango wa mazao na madini 18, pamoja na kahawa, chai, pamba na katani. Palitakiwa pawe na mfuko mmoja wa fedha. Bei ikianguka, mfuko ununue na kuweka ghalani. Bei ikipanda sana, mfuko uuze. Yaani ghala la akiba la dunia.

Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77 walikutana Arusha. Mwalimu Nyerere aliwahutubia. Aliwaambia kwamba nchi maskini zinahitaji chama chao, kama wafanyakazi wanavyohitaji chama chao mbele ya tajiri. Mfanyakazi mmoja akigoma peke yake, anafukuzwa.

Mkataba wa mfuko ulitiwa sahihi mwaka 1980. Halafu ukangojea nchi za kutosha ziuthibitishe. Ukangoja, ukangoja. Ulipoanza kufanya kazi ulikuwa mwaka 1989.

Na mwaka huo huo, tarehe 4 Julai 1989, migao ya kahawa ilivunjwa.

SIKU MIGAO ILIPOVUNJIKA

Sababu za kuvunjika zilikuwa nyingi, lakini kubwa twaweza kuzisema kwa kifupi. Marekani ilitaka mgao wa Brazili upunguzwe, ili nchi za Amerika ya Kati ziongezewe. Brazili ilikataa. Kahawa ile ya kitalii iliwaudhi wanywaji. Zaidi ya yote, Urusi ilikuwa imechoka na ile hofu ya mwaka 1962 ilikuwa inakwisha. Mtu akiacha kumwogopa mwizi, haoni sababu ya kumlipa mlinzi.

Maghala yaliyojaa yakafunguliwa, kila nchi ikauza ilichokuwa nacho, na kwa muda mfupi bei ikaanguka hata kufikia nusu. Serikali zilizokuwa zikitegemea kahawa zikakosa fedha za kigeni za kununua mafuta, dawa na vipuri. Rwanda na Burundi na Uganda ziliumia sana, kwa sababu kahawa ndiyo iliyokuwa karibu kila kitu walichouza nje.

Mwaka 1993 nchi zinazolima zilijaribu kuunda chama chao peke yao, bila wanywaji, ili wazuie kahawa kutoka. Kilishindwa. Wengine waliahidi mchana wakauza usiku. Na wakati huo nchi ya Vietnam, ambayo haikuwa katika chama hicho, ilikuwa inapanda mibuni kwa nguvu. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na kahawa kidogo tu. Ilipofika karibu na mwaka 2000 ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya Brazili. Hatumlaumu mkulima wa Vietnam. Ni mtu wa jembe kama sisi, ametoka kwenye vita, na aliambiwa apande.

Mwaka 2001 bei ya wastani ya dunia ilifika senti 46 hivi kwa ratili. Ebu tufanye hesabu.

Ratili mbili na kidogo ni kilo moja. Kwa hiyo kilo moja ya kahawa safi, iliyokobolewa na kufika bandarini, ilikuwa kama dola 1. Kumbukeni hiyo ni bei ya bandarini. Mkulima analipwa baada ya kutoa usafiri, kukoboa, ushuru na makato ya chama.

Kilo hiyo ikikaangwa inapungua uzito, inabaki kama gramu 840. Tukitumia gramu 10 kwa kikombe, tunapata vikombe 84. Sasa gawanya senti 100 kwa vikombe 84. Jibu ni senti moja na kitu. Huko Ulaya na Marekani kikombe kiliuzwa dola 1 na zaidi. Vikombe 84 ni dola 84.

Hatusemi kwamba dola 83 zote ni faida ya mtu mmoja. Humo mna mishahara, pango la nyumba, maziwa, kodi ya serikali yao. Hata muuza kahawa wa Dar es Salaam, yule anayezunguka na birika na kashata, anapata kwa kikombe kuliko tunavyopata sisi. Tunachosema ni kwamba hao wengine wote walipandisha bei yao maisha yalipopanda. Mkulima peke yake alishushiwa.

Miaka hiyo mashamba mengi yaligeuka pori. Wako waliong'oa mibuni iliyopandwa na babu zao.

KWA NINI TUSIKAANGE WENYEWE?

Swali hili huulizwa kila mahali kahawa ilipo, na ni swali zuri. Ujerumani haina mbuni hata mmoja shambani, lakini ni moja ya nchi zinazouza nje kahawa nyingi iliyokaangwa. Inapita bandari za Hamburg na Bremen.

Watu hujibu, "Wametuwekea ushuru." Ni kweli kwamba Ulaya haitozi ushuru kahawa mbichi, na inatoza ile iliyokaangwa. Lakini tangu mwaka 2001 nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, zimeruhusiwa kuingiza bidhaa zao huko karibu zote bila ushuru. Kwa hiyo kule Ulaya kizuizi chetu si ushuru tu. Kahawa iliyokaangwa inapoteza harufu upesi, haiwezi kukaa melini na ghalani kama kahawa mbichi. Wakaangaji huchanganya kahawa za nchi nyingi ili ladha isibadilike. Na mnywaji wa kule ana jina analolizoea kwenye pakiti.

Bukoba kuna kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA tangu miaka ya 1960, kwa hiyo si kwamba hatuwezi. Lakini tutazameni nyumba zetu. Asubuhi tunakunywa chai! Waethiopia wanakunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayovuna. Mkulima wao akikataliwa New York, anaye mnunuzi wa mtaani. Sisi hatunaye, ukiacha wazee wa vijiweni na wale wa Kagera wanaoitafuna.

SASA HIVI

Februari 2025 bei ya arabika New York ilipita dola 4 kwa ratili. Ilikuwa haijapata kufika hapo tangu soko lianze. Sababu kubwa ilikuwa hali mbaya ya hewa Brazili na Vietnam. Mwezi huo huo nchi za Afrika zinazolima kahawa zilikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya kukaanga na kunywa zaidi humu Afrika.

Mwaka huo pia Marekani iligombana na Brazili kwa mambo ya siasa, ikaweka ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa zake nyingi, pamoja na kahawa. Ilipofika Novemba ikaiondoa kahawa katika ushuru huo, kwa sababu wanywaji wake walilia bei. Tena, mkulima hakuulizwa.

Jambo jingine limefika mpaka vijijini. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa itakayoingia kwao isitoke kwenye shamba lililokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa, lakini haujafutwa. Ndiyo maana ni muhimu mipaka ya shamba ipimwe na iandikwe. Mpimaji akija, msimfukuze mkidhani amekuja kuchukua ardhi. Mwombeni karatasi yake, isomeni, na mwombe nakala ibaki kijijini.

Na wale walioacha mashamba wanauliza: tupande tena? Sisi hatuwezi kumwamulia mtu. Tunajua tu kwamba mbuni wa leo utazaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne, na kwamba Brazili, Vietnam na Uganda nao wanaona bei hii hii tunayoiona. Migao iliyozuia maanguko haipo. Shirika la London bado lipo, lakini kazi yake sasa ni takwimu na mazungumzo. Mwenye kupanda asing'oe migomba yake yote.

KAZI YA KIKUNDI

Njooni kwenye kikundi na stakabadhi zenu za kahawa za misimu miwili. Andikeni ubaoni kilo, bei, na kila kato na jina lake. Kato ambalo hakuna anayejua ni la nini, liwekeeni alama. Mwiteni katibu wa chama aje alieleze. Kisha hesabuni: katika kila shilingi 100 ya bei ya mnada, shilingi ngapi zilifika mkononi mwa mkulima? Tuandikieni jibu, pamoja na jina la kijiji na msimu. Tutayachapa majibu ya vijiji mbalimbali kwa kupangana, ili kila kijiji kione cha jirani.